Kitabu Safi cha Sista Mbithe

Kwenye karatasi ya mazishi ya Sista Mbithe iliyogawiwa kule Katangi mwezi uliopita, mwaka ninaotaka kuueleza ulipewa mstari mmoja: "Baadaye alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu diploma." Nilikuwa nimekaa safu ya tano chini ya hema, nikausoma mstari huo mara tatu huku kwaya ikiendelea. Hauna kosa. Nimefanya kazi ya kumbukumbu za hospitali tangu ujana wangu hadi sasa nina miaka hamsini na mmoja, na siwezi kulaumu mstari usio na kosa. Lakini neno hilo "baadaye" limefunika miezi kumi na zaidi ambayo mimi naikumbuka kwa siku na kwa saa, na hapakuwa na mtu mwingine katika hema lile ambaye angeweza kuieleza. Muuguzi mwenzake, Kavata, angeweza, lakini anaishi ng'ambo siku hizi na alituma maua tu. Basi naandika mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa kumbukumbu katika hospitali ndogo ya misheni, mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini Machakos. Chumba changu kilikuwa kirefu na chembamba, rafu pande zote mbili hadi darini, meza moja, na harufu ya karatasi iliyokaa na dawa ya mchwa. Ukuta wa mwisho ulikuwa na dirisha dogo la mbao lililofungukia chumba cha chai cha wauguzi. Zamani palikuwa jikoni, na chakula kilipitishiwa hapo. Kupitia dirisha hilo nilipewa chakula cha mchana kila siku ya kazi, na kupitia hilohilo nilisikia mambo ambayo karani hakupaswa kuyasikia. Siku hizi niko na ofisi nzuri yenye kompyuta mbili, na kuta zake hazipitishi sauti. Ninapokula mchana husikia feni.

Sista Mbithe alikuwa na miaka arobaini wakati huo. Alisomea uuguzi wa cheti katika shule iliyokuwa ndani ya hospitali hiyohiyo, shule ambayo ilikuwa imefungwa miaka mingi kabla yangu. Mwenye cheti na mwenye diploma walivaa viatu vya aina moja na kushika zamu zilezile, lakini hawakuwa kitu kimoja. Niliona mwenyewe siku moja Mbithe akimwonyesha muuguzi kijana mwenye diploma namna ya kupata mshipa kwa mtoto aliyeishiwa maji mwilini. Aliupata mara ya kwanza, kichwani, pale ambapo mwenzake alikuwa amechoma mara nne. Kisha yule kijana akaketi kuandika ripoti na kutia sahihi, kwa sababu sahihi ya Mbithe isingetosha. Jioni nilipoipokea ripoti ile ili niifungie kwenye faili, jina la Mbithe halikuwemo.

Mwaka huo ulianza kwa mazungumzo ya dirishani. Nilikuwa nakula muthokoi, mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na mbaazi, alionipimia Mbithe katika bakuli la bati, nikawasikia.

"Kwa hivyo utaenda kukaa dawati moja na watoto waliomaliza fomu foo juzi?" Huyo ni Kavata, muuguzi wa cheti pia, mdogo kwa Mbithe kwa miaka kumi, mwenye mdomo usiojua breki.

"Nitakaa."

"Watakuita susu, bibi yao."

"Wakiniita susu nitaitika. Na wakishindwa kudunga sindano, watamwita susu tena."

"Miaka mitatu na nusu, Mbithe! Ukitoka huko utakuwa unatembea na mkongojo wodini, mgonjwa akikuona anashuka kitandani akupishe."

Walicheka, kisha Mbithe akasema kwa sauti ya chini kwamba bodi ya hospitali imempa ruhusa ya miezi kumi na minane tu. Zaidi ya hapo nafasi yake ingepewa mwingine. Lakini barua ya chuo ilisema kwamba mwenye cheti anaweza kusamehewa masomo aliyokwisha kuyasoma na kuingia katikati, iwapo atathibitisha. Kisha dirisha likafunguliwa na uso wa Mbithe ukajaa ndani ya fremu.

"Muli, najua umesikia. Wewe ni mtu wa makaratasi. Kuthibitisha ndiyo kufanya nini?"

Nilisema sijui, lakini nitajua. Hiyo ndiyo ahadi niliyoitoa nikiwa na kijiko mkononi. Mambo yalikuwa wazi kabisa: akikubaliwa kuingia katikati, miezi kumi na minane ingemtosha na angerudi na diploma. Akiambiwa aanze mwanzo, hangeenda kabisa, na angebaki mtu wa kutafuta mishipa ili wengine waandike ripoti.

Sikuwa na elimu ya kazi hiyo. Nilitoka shule na alama ambazo hakuna chuo cha uuguzi kingezitazama mara mbili. Nilichokuwa nacho ni subira ya kusoma kitu mara tano. Nilipata mtaala wa zamani wa cheti katika kabati la stoo, na ule wa diploma nikauazima chuoni kwa siku nne. Nilibandika karatasi za manila ukutani na kuchora jedwali: kushoto alichosoma, kulia kinachotakiwa, katikati saa zilizotumika. Tatizo ni kwamba majina ya masomo yalikuwa yamebadilika, kwa hiyo haikutosha kulinganisha majina. Ilinibidi nielewe kilichokuwa ndani. Hivyo nilianza kusoma vitabu vya Mbithe, na Mbithe akaanza kunifundisha saa ya chai. Mzunguko wa damu alinifundisha kwa vikombe vinne mezani. Hiki ni chumba cha juu kulia, hiki cha chini kulia, huku ndiko mapafu, sukari ni hewa safi. Alipofika cha nne Kavata alikichukua akakinywa.

"Mwangalie huyu," Mbithe akasema. "Amekunywa chumba cha chini kushoto. Mgonjwa ameaga."

"Chai ilikuwa inapoa," Kavata akajibu. "Daktari wa Makaratasi, andika: amekufa kwa sababu ya uchelewaji wa wahudumu."

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, vingine vigumu, na vyote nimejisomea peke yangu. Lakini nikitaka kukumbuka ni upande upi wa moyo unaosukuma damu mwilini, bado naona kikombe kitupu cha bluu. Nadhani sikuwahi kuwa na furaha kama ile ya kuelewa jambo huku watu wawili wakinicheka. Wakati huo sikuijua kuwa ni furaha. Nilidhani ni kazi.

Kufikia mwezi wa tano jedwali lilikuwa limekamilika upande wa darasani. Upande wa vitendo ulitegemea kitabu kimoja. Kila mwanafunzi wa uuguzi hupewa kitabu cha kazi, na kila anapofanya jambo mbele ya msimamizi, awe amefunga kidonda au amezalisha, huandikwa humo na msimamizi akatia sahihi. Chuo kilitaka kuona uzazi ishirini aliouendesha kwa mkono wake. Mbithe alikuwa amekihifadhi kitabu chake miaka yote hiyo. Alinipa kikiwa kimefungwa kwa kanga. Jalada halikuwepo. Kurasa zilikuwa na madoa ya iodini na duara la kikombe, na sahihi za msimamizi, mtawa wa kigeni aliyekuwa amekwisha kufariki, zilikuwa zimeandikwa upande huu na ule, nyingine kwa penseli, moja ikiwa imekwaruzwa na kitu kama ukucha. Nilikitazama nikaona aibu kwa niaba yake. Nilifikiria yule msajili wa chuo akikifungua juu ya meza yake safi.

Basi nilifanya nilichodhani ni kazi nzuri. Nilinunua kitabu kipya chenye jalada gumu, nikapiga mistari kwa rula, nikanakili kila kitu kwa mwandiko wangu bora na kwa wino mweusi. Kila mstari niliukagua mara mbili. Nilimpelekea Matroni, mkuu wa wauguzi, akatia sahihi kwa niaba ya marehemu, ukurasa baada ya ukurasa, bila kusoma, huku akipulizia chai yake. Aliniamini. Nikamwambia Mbithe nimekisafisha kitabu chake, akafurahi. Halafu nikafuata kanuni niliyojiwekea tangu nianze kazi, kwamba kumbukumbu isiwe na nakala mbili, kwa sababu mbili zikipishana hakuna atakayejua ya kweli ni ipi. Kitabu cha zamani nilikipeleka kwenye tanuri la kuchomea taka za wodi. Nilisimama hapo mpaka kikaisha. Nilikuwa mwangalifu hata katika hilo.

Msajili wa chuo alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Alilisoma jedwali la manila kwa muda mrefu na sikumwona akikunja uso. Kisha akafungua kitabu. Alipindua kurasa tatu, akarudi ya kwanza, akaruka hadi ya mwisho.

"Hii kazi ilifanywa kwa muda gani?"

"Miaka miwili, Madam," Mbithe akasema.

"Miaka miwili. Kwa kalamu moja?" Alivua miwani. "Sista, mimi nimekuwa wodini. Kitabu cha mwanafunzi kinalowa. Kinaanguka kwenye beseni. Msimamizi akiwa na haraka anatia sahihi imelala. Hiki hakijawahi kuingia leba. Na hii sahihi ni ya mtu ambaye wakati huo hakuwa hapo. Kile cha kwanza kiko wapi?"

Mbithe alinigeukia. Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri nikitoe mkobani.

"Nilikichoma," nikasema.

Msajili alisema hatapeleka jambo hilo kwa baraza la wauguzi, kwa kuwa likifika huko Mbithe anaweza kufutiwa hata cheti alichonacho, na Matroni naye aulizwe. Alitupa wiki tatu tulete ushahidi ulioandikwa siku zenyewe, wakati kazi ilipofanyika. Bila huo, aanze mwaka wa kwanza kama wengine. Tulipotoka nje Mbithe hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja tu, tukiwa tumefika getini. "Ulikichoma ukiwa unafikiria nini, Muli?" Nilijibu kwamba nilitaka kiwe safi. Akatikisa kichwa. "Ile iodini ilimwagika siku ya kwanza niliyozalisha peke yangu. Nilikuwa natetemeka mikono." Kwa siku nne dirisha dogo lilibaki limefungwa kutoka upande wao. Nilikula mkate.

Siku ya tano nilianza na rafu ya nyuma kabisa. Kitabu cha mwanafunzi ni chake, lakini kila mtoto anayezaliwa hospitalini huandikwa pia katika daftari la uzazi, na mwanafunzi aliyezalisha hutia sahihi kando ya msimamizi. Madaftari ya miaka ile yalikuwa manne, makubwa kama trei, mchwa wamekula kona. Nilianza ukurasa wa kwanza. Nilifanya hivyo kila siku baada ya saa za kazi mpaka jua lilipoacha kuingia, kwa majuma mawili. Sahihi yake ya kwanza niliipata siku ya pili: M. Mbithe, mwanafunzi, herufi zimebanana kama mtu anayejaribu kutochukua nafasi. Ya sita ilikuwa imepanuka. Kufikia ya kumi na moja alikuwa ameanza kupiga mstari chini ya jina lake. Hapo nilimwona akiwa na miaka ishirini, wakati ambapo mimi nilikuwa mtoto mdogo wa kukimbiza mbuzi, na nilihisi kitu ambacho sikukipa jina. Nilitamani ningekuwepo. Ningetaka kuwa mtu aliyemwona siku ile ya mikono kutetemeka, badala ya mtu aliyelichoma doa lake.

Nilipata kumi na tisa. Nilirudia madaftari yote manne toka mwanzo, nikapata kumi na tisa. Zikiwa zimebaki siku tatu nilibisha dirisha.

Alifungua Kavata. "Daktari wa Makaratasi. Tulidhani umejifungia humo uanguliwe."

"Namtaka Sista Mbithe. Amekosekana mmoja."

"Mmoja? Si uandike tu. Wakamba wanazaliwa kila siku, nani atamhesabu?"

"Hapana," Mbithe akasema nyuma yake. Alikuja akaegemea kizingiti cha dirisha, mara ya kwanza tangu siku ile. "Kile kingine umeandika kizuri mpaka tukaitwa wezi. Hiki tukiache kama kilivyo. Soma hao uliopata."

Nilimsomea majina ya akina mama, tarehe na saa. Yeye hakukumbuka tarehe. Alikumbuka watoto, kwa sababu akina mama walirudi nao kliniki wakiwa tayari na majina, na kwetu mtoto huitwa kwa jinsi alivyokuja. Niliposoma saa kumi na mbili asubuhi alisema, "Huyo ni Kioko." Niliposoma tarehe ya mwezi wa kumi na moja alisema, "Wambua, mvua iliingia kwa paa tukasogeza kitanda." Kulikuwa na Mutuku wa usiku na Mutinda aliyewachelewesha siku mbili, msimamizi akilala kwa kiti. Kavata aliacha kutania. Nilipiga tiki kumi na tisa. Mbithe aliendelea kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Hujasoma Kyalo," akasema.

"Hakuna wa kufanana naye hapa."

"Yuko. Mama yake alikuwa na nguo ya manjano."

Nilimtazama. Kyalo ni safari. "Kyalo alizaliwa wapi?"

"Hapo tu kwa lango. Nyuma ya pikapu iliyobeba mahindi. Nilipanda juu, sikuwa hata na glavu, msimamizi alifika mbio nikiwa nimeshamfunga kitovu."

"Kwa hivyo mama alipoingia wodini—"

"Mtoto alikuwa tayari analia."

Basi hakuzaliwa wodini, na aliyeandika daftari la uzazi, kama angekuwa mimi, asingemwandika humo. Wagonjwa wa langoni walikuwa na daftari lao. Nilipanda ngazi hadi rafu ya juu. Ilikuwa karibu saa kumi na moja jioni nilipolipata: mama, jina lake, ametokea upande wa Kyumbi, amejifungua langoni kabla ya kufika, amezalishwa na mwanafunzi M. Mbithe, kondo la nyuma limetoka zima. Sahihi mbili. Ya msimamizi ilikuwa imelala, ya mtu mwenye haraka, na juu yake palikuwa na alama ya kidole gumba, ya kahawia. Sikuigusa. Nilipaza sauti tu, na nilisikia kiti kikianguka katika chumba cha chai.

Tuliyapeleka madaftari mjini kwa gari la hospitali, yamefungwa kwa mashuka. Msajili alikagua mistari ishirini mmoja mmoja. Alipofika ule wa langoni aliweka kidole kando ya alama ile. Kisha akaandika barua ya kumpokea Mbithe mwanzoni mwa mwaka wa tatu. Kitabu changu safi alinirudishia kwa ncha za vidole. "Hiki kipeleke kwa ule moto uliokula mwenzake." Jedwali la manila aliomba abaki nalo, kwa sababu, alisema, kuna wengine hamsini wanaouliza swali hilohilo na hakuna anayejua kuwajibu. "Wewe umesomea wapi?" akaniuliza. Nilisema sijasomea. Mbithe akadakia: "Bado."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya pili, ambayo sijawahi kulipwa wala kupewa cheo. Wameniletea karatasi zao kutoka hospitali za pande hizi zote, wa cheti wanaotaka diploma, na siku hizi wa diploma wanaotaka digrii. Nimewaonya wote wasinakili chochote. Vyuo sasa vina ofisi za jambo hilo, na bado wapo wanaonipigia simu. Wengi walivuka. Karibu wote waliovuka waliondoka, na nilipaswa kuliona hilo tangu mwanzo, maana liko katika hesabu yenyewe.

Siku ya mwisho kabla ya kwenda chuoni Mbithe alinipimia muthokoi kama kawaida, akasimama dirishani nikila. Aliniuliza mimi nitaingia lini. Kulikuwa na masomo ya kunyanyua alama, alisema, amekwisha kuuliza, miaka miwili tu halafu mlango uko wazi. "Kichwa kiko. Sasa ngoja niende, nikirudi nataka nikukute umejaza fomu." Nikasema mwaka ujao, mwaitu. Nilimwita hivyo, mama yetu, kwa heshima, kama wote walivyomwita, na sikupata neno lingine la kuongeza. Fomu niliichukua. Nilijaza jina, umri na dini. Sijui kilichonizuia kuendelea. Naweza kutaja sababu sita, nazo zote zingesimama mbele ya mkaguzi, lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne na mtu niliyemheshimu kuliko wote alikuwa ameniambia kichwa kiko.

Alimaliza kwa miezi kumi na minane kamili. Alirudi na diploma, akatuonyesha, Kavata akaibusu kwenye muhuri. Lakini hospitali yetu haikuwa na nafasi ya mwenye diploma mwingine mwaka huo, na serikali ilimpa kazi upande wa Kitui, awe msimamizi wa wodi ya uzazi, mtu wa kutia sahihi. Barua yake ya kuacha kazi niliipiga chapa mimi, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuipiga, na niliisoma mara mbili kutafuta makosa. Utaratibu ulisema faili ya mfanyakazi aliyeondoka ihamishwe siku hiyohiyo hadi rafu ya nyuma. Nilitia barua ile ndani, nikafunga faili, nikairudisha kwenye droo ya walioko kazini, kati ya Mbinya na Mbula. Ilikaa humo miaka mitatu. Wakaguzi walipokuja na kuniuliza huyu yuko wapi, nilisema yuko masomoni.